Mwenye Mbwa Ana Deni

Katika vijiji vyetu na katika mitaa ya miji yetu, tangu Goma hata Bukavu, tangu Kalemie hata Lubumbashi, ni vigumu kupita nyumba chache bila kusikia sauti ya mbwa. Mbwa hulinda lupango usiku, hufuatana na wachungaji, huenda porini pamoja na wawindaji, hula makombo ya chakula chetu, hulala mlangoni petu. Amekaa na watu tangu zamani za mababu, hata twamwona kuwa kitu cha kawaida kama kinu au jiko. Na kwa sababu hiyohiyo twasahau kumtunza.

Ndugu wasomaji, ulizeni katika mtaa wenu: mbwa huyu ni wa nani? Mara nyingi mtapata majibu mawili. Siku mwizi alipokimbizwa, watu wa nyumba hujibu kwa fahari: «Ni mbwa wetu.» Lakini siku mtoto wa jirani alipoumwa, watu walewale hujibu: «Hatumjui, hupita tu hapa.» Basi, hapo ndipo penye kosa. Anayetaka faida ya mbwa imempasa pia kuubeba mzigo wake. Mwenye mbwa ana deni: deni kwa mnyama mwenyewe, ambaye hana kinywa cha kudai haki yake, na deni kwa majirani wote. Deni hilo lisipolipwa na mwenyewe, hulipwa na wengine, na wa kwanza kulilipa ni watoto.

MBWA WA KWETU ANA SIFA

Watu wengine hudhani kwamba mbwa mwenye thamani ni yule aliyeletwa toka Ulaya, na kwamba mbwa wa kwetu ni kitu cha kupigwa mawe. Hao wamekosea. Katika misitu ya Kongo kuna aina ya mbwa mdogo, mwenye masikio yaliyosimama, makunyanzi katika paji la uso, na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Huyo habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti ya namna yake, karibu na kuimba. Kwa hiyo wawindaji humfungia kengele ya mti shingoni, wapate kujua alipo katika majani marefu. Wageni walipomwona walimpenda, wakamchukua kwao, na mwaka 1937 alionyeshwa katika maonyesho makubwa ya mbwa mjini London. Siku hizi hufugwa Ulaya na Marekani, na watu humnunua kwa fedha nyingi. Wamemwita Basenji, jina ambalo ni ndugu wa neno «washenzi». Tazameni ajabu hiyo: mbwa aliyepewa jina la dharau hulala nyumbani mwa matajiri ng'ambo, na ndugu zake waliobaki hapa hulala njaa.

Tena, si lazima kwenda mbali ili kuona kazi ambayo mbwa aweza kuifanya akitunzwa vema. Katika mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, walinzi wana kikosi cha mbwa tangu mwaka 2011. Mbwa hao hunusa nyayo za majangili na kuzifuata mahali ambapo macho ya mtu hayaoni kitu. Kazi kama hiyo haitoki katika fimbo. Mbwa hufundishwa kidogo kidogo, siku kwa siku, na mtu anayemjua, ambaye humsifu na kumpa tuzo akifanya vizuri. Mnyama anayeogopa hajifunzi. Huwaza tu namna ya kukimbia.

CHAKULA NA MAJI

Sehemu ya kwanza ya deni ni chakula na maji. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi; hutoka jasho kidogo tu chini ya nyayo zake. Hupoza mwili wake kwa kuhema haraka na kutoa ulimi nje, na kwa kuhema hivyo hupoteza maji mengi. Kwa hiyo chombo chake cha maji kisikauke, wala maji yasikae humo siku tatu mpaka yaote ukungu. Chombo hicho kiwekwe kivulini, mahali ambapo mbwa hufika mwenyewe.

Kuhusu chakula, wengi humpa ugali mtupu, tena ule ulioungua chini ya chungu. Ugali peke yake hujaza tumbo, lakini haujengi mwili. Mchanganyieni vichwa vya samaki, sambaza au ndagala, maharagwe yaliyopikwa vizuri, au mabaki ya nyama. Vitu hivyo havigharimu sana, maana vingi hutupwa jikoni. Jihadharini tu na mambo matatu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vibanzi na kumchoma ndani, isiwemo. Vitunguu huharibu damu ya mbwa. Chakula chenye vitunguu vingi asipewe. Na mapafu au maini mabichi, hasa yakiwa na malengelenge ya maji, yachomwe moto au yazikwe chini sana. Ndani ya malengelenge hayo mna mbegu za minyoo; zikiingia tumboni mwa mbwa hukua, na mayai yake hutoka na mavi, hushika mikono ya watoto wachezao uani, na mwisho huingia katika vinywa vyao.

Kwa sababu hiyohiyo mama wa nyumba mwenye busara huondoa mavi ya mbwa kila siku na kuyafukia. Huwafundisha watoto kunawa mikono baada ya kucheza na mbwa. Tena humpa mbwa dawa ya minyoo kwa nyakati anazoelezwa na mganga wa mifugo, yule ambaye watu wengi humwita veterineri. Kupe waondolewe mmoja mmoja, na masikio yaangaliwe. Upele unaoendelea usipakwe mafuta ya gari wala petroli, kama tuonavyo mahali pengine. Mafuta hayo huchoma ngozi, na mnyama akijilamba hunywa sumu.

KAMBA NA FIMBO

Kuna usemi wa uongo unaozunguka mitaani: «Mbwa aliyeshiba halindi.» Tufikiri kidogo. Mwizi akija usiku na kipande cha nyama mkononi, ni mbwa gani atakayenyamaza upesi? Ni yule mwenye njaa. Mbwa halindi nyumba kwa sababu ya njaa. Huilinda kwa sababu ni kwake, na watu waliomo ni watu wake. Asipoonja wema wowote katika nyumba hiyo, atailinda kwa sababu gani?

Wengine humpaka mbwa pilipili puani, au humpiga akiwa bado mdogo, wakisema: «Twataka awe mkali.» Wanachopata ni mnyama mwenye woga, na mbwa mwenye woga ni hatari kuliko mbwa hodari, maana hachagui wa kumwuma. Hamwumi mwizi mwenye panga, kwa kuwa amwogopa. Humwuma mtoto anayepita na ndoo ya maji, mzee anayetembea polepole, au mgeni aliyepiga hodi kwa adabu.

Kadhalika mbwa anayefungwa kwa kamba fupi mchana kutwa, juani, kando ya mavi yake, hupotewa na tabia njema. Ikiwa lazima kumfunga, kamba iwe ndefu, isikaze shingo, kivuli kiwepo, maji yawepo, na afunguliwe kila siku ili anyoshe miguu. Wenye fedha kidogo wajenge ua. Wasio nazo watembee naye asubuhi na jioni, wakimshika kwa kamba. Na usiku wa mvua awe na mahali pakavu pa kulala: ubao juu ya mawe manne na bati kuukuu juu yake vyatosha.

WATOTO WA MBWA

Jambo ambalo watu hawapendi kulifikiri ni uzazi. Mbwa jike huchukua mimba kwa muda wa siku 63 hivi, yaani miezi miwili tu. Tufanye mfano: jike mmoja akizaa mara mbili katika mwaka, kila mara watoto watano, hao ni kumi. Nani katika mtaa atawalisha kumi hao? Wengi huishia jalalani, mtoni, au kando ya soko, na wale wanaopona hujifunza kuishi kwa kuiba. Baadaye twawashangaa mbwa wanaozurura kwa makundi, kana kwamba walianguka toka mbinguni. Ni sisi tuliowatupa.

Basi, mwenye mbwa jike amfungie ndani ya ua wakati anapotaka dume, kwa muda wa majuma matatu hivi. Panapo mganga wa mifugo aliyezoea kazi hiyo, kuna njia iliyo bora zaidi: kumpasua mara moja, asizae tena, au kumhasi dume. Mbwa dume aliyehasiwa hazururi sana, wala hapigani sana na wenzake. Na watoto wakishazaliwa, wasiondolewe kwa mama yao kabla ya kutimiza majuma manane. Mtoto wa mbwa anayetengwa mapema mno hakui vizuri, wala hajifunzi kwa mama na ndugu zake kutouma kwa nguvu.

UGONJWA USIOSAMEHE

Sasa tumefika kwenye sehemu ya deni iliyo kubwa kupita zote. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa uletwao na kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma mtu, au akilamba kidonda chake, kijidudu huingia mwilini, hufuata mishipa ya fahamu polepole, mpaka kufika katika ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Pengine juma moja tu, pengine hata mwaka. Kidonda kimekwisha kupona, mtu amesahau, na kumbe adui yuko njiani. Dalili zikiisha kuonekana, mgonjwa akaanza kuogopa maji na kushindwa kumeza, dawa za waganga hazimwokoi tena, na dawa za miti shamba vilevile. Hufa karibu kila mtu.

Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba ugonjwa huo huua watu 59,000 hivi kila mwaka, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Kati ya watu 100 wanaoupata, 99 wameupata kwa mbwa. Na katika watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, karibu 40 katika 100 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Kwa nini watoto? Kwa sababu wao hucheza na mbwa, hukimbia mbele yake, na kimo chao huuweka uso karibu na meno yake.

Mjue dalili katika mbwa. Aliye mpole huwa mkali bila sababu, huuma miti na mawe, hukimbia mbali na kwao, sauti yake hubadilika, mate humtiririka. Lakini iko namna nyingine iliyo ya kimya. Mbwa hujificha gizani, taya lake hulegea, kinywa hubaki wazi, hawezi kumeza. Hapo mtu mwema hudhani kwamba mfupa umemkwama kooni, akatia mkono wake kinywani ili amsaidie. Asithubutu! Amwache, awaondoe watoto, amwite mganga wa mifugo. Naye mbwa aliyekufa kwa kichaa asichunwe, wala nyama yake isiliwe. Azikwe chini sana, na anayemzika afunike mikono yake vizuri.

MTOTO AKIUMWA

Zamani mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa alikuwa akingojea kifo tu. Tarehe 4 Julai 1885, huko Alsace, mvulana wa miaka tisa, jina lake Joseph Meister, aliumwa vibaya na mbwa wa namna hiyo. Mama yake akampeleka Paris kwa mtaalamu Louis Pasteur, ambaye alikuwa ametengeneza chanjo na kuijaribu katika mbwa. Tarehe 6 Julai mtoto alianza kudungwa sindano. Akadungwa 13 katika siku chache, akapona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na siku hizi tarehe hiyo ni siku ya ulimwengu wote ya kukumbuka vita dhidi ya kichaa cha mbwa.

Tazameni alivyofanya mama yule: hakungoja. Nasi tufanye hivi. Kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, muda wa dakika 15 kamili, kwa saa mkononi. Kuosha huko huondoa vijidudu vingi. Ni dawa ambayo hata maskini anayo nyumbani. Kisha kitiwe dawa ya kuua vijidudu, kama iodi au alkoholi. Kisipakwe pilipili, wala majivu, wala maji ya betri, wala majani yaliyotafunwa. Halafu, siku hiyohiyo, mtu aende kituo cha afya kuulizia chanjo, hata kama kidonda ni mkwaruzo mdogo tu. Sindano zipigwe zote, katika siku zilizoandikwa. Anayeacha katikati amejidanganya mwenyewe. Majeraha makubwa huhitaji pia dawa nyingine inayotiwa penye kidonda chenyewe.

Na mbwa aliyeuma? Akiwa na mwenyewe, na ikiwezekana bila hatari, afungiwe mahali imara kwa siku 10 na kuangaliwa na mganga wa mifugo. Kama mate yake yalikuwa na kijidudu siku alipouma, mbwa mwenyewe ataugua na kufa katika siku hizo. Lakini mtu aliyeumwa asingoje siku 10 zipite ndipo aanze matibabu.

Wazazi, neno moja kwenu. Watoto wengi huficha jeraha lao kwa kuogopa fimbo. Mtoto alikatazwa kuchezea mbwa wa jirani, akamchezea, akaumwa. Akijua atapigwa, hufunika mkwaruzo kwa shati na kunyamaza. Kunyamaza huko kwaweza kumwua. Waambieni leo, kabla ya jambo kutokea: «Ukiumwa au ukikwaruzwa na mbwa, njoo utuambie mara moja, hatutakupiga.» Na mshike ahadi yenu.

Nanyi wanafunzi, shikeni haya. Msimguse mbwa anayekula, anayelala, au anayenyonyesha. Msimtupie mawe, maana jiwe lenu la leo ndilo jino lake la kesho. Mbwa msiyemjua akiwajia, msikimbie wala kupiga kelele. Simameni kimya kama mti, mikono chini, macho yasimkazie, mpaka aondoke. Akiwaangusha, jikunjeni, mfunike shingo na masikio kwa mikono.

KAZI YA MTAA MZIMA

Kinga ni bora kuliko tiba, nasi twajua kinga hiyo: ni kuwachanja mbwa. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, naye hurudiwa kwa nyakati anazoziandika mganga, mara nyingi kila mwaka. Sindano moja ya mbwa ina bei ndogo sana kuliko matibabu ya mtu mmoja aliyeumwa. Wataalamu wamepata kujua kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 wa mahali fulani, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hufifia.

Hayo yalijaribiwa Afrika kwetu. Katika mji wa N'Djamena, nchini Chad, mbwa wengi walichanjwa bila malipo mwaka 2012, na tena mwaka 2013. Mara zote mbili kiasi hicho cha 70 kilipitwa. Mwaka 2014 ugonjwa ulikatika katika mji huo kwa muda wa miezi kadha. Baadaye ulirudi, kwa kuwa mbwa wagonjwa waliingia toka nje. Hapo tuna mafundisho mawili. La kwanza, kichaa cha mbwa chaweza kushindwa hata katika mji mkubwa usio na utajiri. La pili, mtu mmoja hawezi kukishinda peke yake. Ukichanja mbwa wako, na jirani zako tisa wasichanje wa kwao, mlango umebaki wazi. Kwa hiyo wakuu wa mitaa, walimu na wazee waseme na mganga wa mifugo, wapange siku moja, na kila mwenye mbwa alete wake amemshika kwa kamba, na karatasi ya chanjo itunzwe pamoja na karatasi nyingine za nyumba.

Kuua mbwa ovyo mitaani hakufai mahali pa chanjo. Mbwa wanaouawa, mahali pao hushikwa upesi na wengine wasiochanjwa, na mara nyingi anayepigwa risasi au kupewa sumu ndiye yule aliyekuwa amekwisha kuchanjwa, maana ndiye asiyewakimbia watu.

Mwisho, kila mwenye nyumba ajiulize jioni hii maswali manne. Mbwa wangu amekunywa maji leo? Amepata kivuli mchana, na pakavu pa kulala usiku? Amechanjwa mwaka gani? Akimwuma mtu kesho, nitasema «ni wangu»? Anayeweza kujibu vizuri maswali hayo amelipa deni lake, na mbwa wake ni baraka kwa mtaa wote. Asiyeweza, asimtupe mbwa barabarani kwa aibu, bali aanze leo na lililo jepesi: bakuli la maji. Kesho amtafute mganga. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa nyumba hii, ukianguka, huwaangukia watoto.